Mkutano Umehamia Uani

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na kile kikohozi nilichoondoka nacho nyumbani kimeniacha chenyewe bila dawa. Mgongo wako unaendeleaje? Na mama na miguu yake? Bibi bado anaficha sukari? Mwambie nampenda hata akiificha.

Huku masomo yamepamba moto. Mwalimu wetu wa uraia ametupa kazi ya muhula mzima: kila mmoja aandike insha kuhusu kazi ya mzazi wake, na aeleze haki za wafanyakazi zinalindwa vipi mahali hapo. Wenzangu wanahangaika. Mmoja baba yake ni dereva wa lori, hapatikani kabisa. Mimi nimetabasamu tu. Nani mwingine humu darasani ana wazazi wawili katika kiwanda kimoja cha mablanketi, chumba kimoja cha nyuzi, na baba ambaye ndiye mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi? Nilijisifu kidogo. Mwalimu akaniambia majivuno niyaweke kwenye aya ya mwisho.

Kwa hiyo nakuomba unijibu, ukipata nafasi. Mama ni fundi wa daraja gani? La kwako nalijua. Kwenye kamati ya tawi kuna wanawake wangapi? Na mikutano mnafanyia wapi? Nataka anayesoma ajione kama yuko hapo.

Usijichoshe kuandika sana. Andika hata kidogo, mradi uandike wewe.

Wako akupendaye,
Binti yako

19 Februari

Hakimu wangu,

Marahaba. Sisi huku tunapumua, tunashukuru. Mgongo wangu uko palepale nilipouacha jana. Miguu ya mama yako inavimba jioni, asubuhi inarudi kazini. Bibi yako amehamishia sukari mahali papya, na sasa hata yeye hapakumbuki. Tunakunywa chai chungu huku akitulaumu sisi.

Nimefurahi kwamba unajisifu. Jisifu tu, mwalimu wako hana baba mwenyekiti.

Haya, majibu. Mikutano tunafanyia kwenye chumba cha wanaume cha kubadilishia nguo. Ndicho chenye mabenchi, na zamu ikiisha wote tunakuwa pale. Wanawake hawawezi kuingia, maana wengine tunakuwa na taulo tu. Wao husubiri kwenye ujia. Tukimaliza, yule mtia mafuta mitambo tunayemwita Redio anatoka kuwatangazia tulichoamua. Huyo jamaa ana sauti! Akipiga chafya ghalani, mlinzi wa getini anasema afya.

Kwenye kamati hakuna mwanamke. Hatujakataza, usije ukaandika kwamba tumekataza. Ila mtu anachaguliwaje kwenye mkutano ambao hayumo? Michango ya chama wanatoa kama sisi, tena hawana longolongo.

Mama yako hana daraja. Kwenye chumba cha nyuzi wanaume ni mafundi nyuzi, na wanawake ni wasaidizi wa nyuzi. Ndivyo nilivyokuta.

Kuna mkataba mpya wa kazi tunaujadili na meneja. Ukienda vizuri utaandika insha mpaka karatasi ziishe.

Soma sana, na ule.

Baba yako

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini sukari imepatikana na chai imerudi kuwa chai. Mimi nina afya, ila viatu vimeanza kunibana, jambo ambalo nasikia ni afya pia.

Barua yako niliisoma nikacheka, nikaisoma tena nikaacha kucheka. Usinikasirikie, baba. Naandika polepole ili nisikosee adabu.

Nilipokuwa mdogo ulinisimulia siku yako ya kwanza kiwandani. Uzi ulikukatikia ukababaika, na msichana wa mtambo wa jirani akaja kukuonyesha jinsi ya kuuunga huku mtambo unazunguka. Ulisema wiki nzima ulikata nyuzi makusudi ili aje tena, mpaka msimamizi akadhani mtambo wako umerogwa. Bibi alicheka hadi akafuta machozi. Msichana yule ni mama.

Sasa sielewi. Nyuzi anazounga mama na nyuzi unazounga wewe zinakwenda kwenye mablanketi tofauti? Kama ni mablanketi yaleyale, nani hapo anamsaidia nani?

Swali hili hakunituma mwalimu. Nimelitoa kichwani mwangu, na nimekaa nalo siku kadhaa kabla ya kukutumia.

Msalimie mama. Mwambie nimejifunza kushona kifungo kisichong'oka.

Binti yako anayekuheshimu

20 Machi

Hakimu wangu,

Marahaba. Tu wazima wa mwili. Viatu nitavishughulikia.

Swali lako nimetembea nalo mfukoni. Mablanketi ni yaleyale. Basi, nimekujibu, usinisukume zaidi hapo.

Leo nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu hapa nyumbani. Meneja amekubali kutupa nyongeza nzuri, nzuri kuliko tulivyotegemea. Lakini ni ya mafundi peke yao. Wasaidizi, anasema, watafikiriwa mwakani. Tuliijadili mle chumbani. Wenzangu wakasema tuichukue iliyopo mkononi, hao wengine tutawapigania baadaye. Kamati ikakubali. Kilichobaki ni sahihi yangu, na meneja anaitaka kabla Aprili haijaisha.

Redio akatoka kwenda kwenye ujia kama kawaida yake. Akavuta pumzi akapaza sauti: "Nyongeza imepatikana!" Akaishia hapo. Mtu wa kutangaza habari mpaka mlinzi akasikia, lakini nusu ya habari kaiacha ndani. Wanawake wakashangilia, wakakumbatiana. Sisi mle ndani tukatazamana, kila mmoja akawa anatafuta shati lake.

Nilipofika nyumbani mama yako alikuwa anaimba. Wewe unajua haimbi hovyo. Akaniambia, "Baba Hakimu, leo umetufaa. Sasa nitaacha zamu za Jumamosi, nipumzishe hii miguu, au siyo?" Akanipakulia, akakaa mbele yangu ananitazama ninavyokula, kama siku zile.

Nikamwambia chakula kitamu.

Hakikuwa na chumvi hata kidogo, mwanangu. Alisahau kwa furaha.

Nifanye nini? Wewe ni mtoto, sipaswi kukuuliza. Lakini tangu ukiwa mdogo ulikuwa unaamua ugomvi wa nyumba nzima, ndiyo maana tukakupa hilo jina.

Baba yako

29 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea leo na leo hii nakujibu, ili iwahi. Mimi ni mzima, na nyote huko nawaombea uzima.

Mwambie, baba. Mwambie wewe, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Hili ndilo ninalolijua kwa hakika. Hayo mengine ya mkataba ni makubwa kuliko mimi. Najua wenzako wana watoto kama mimi, na viatu vinawabana nao pia. Najua ukikataa watakununia, na ukisaini mama ataendelea na zamu za Jumamosi. Sitapunguza kukupenda kwa lolote utakalofanya. Nimeliandika hili mapema ili usilitafute mwishoni mwa barua.

Ila nimefikiri hivi. Mama hajawahi kukusikia ukiongea mkutanoni. Miaka yote hii anamsikia Redio. Nadhani hata wewe hujawahi kumsikia yeye. Ungemuuliza anataka nini, mwenyewe, uso kwa uso, na usubiri amalize kusema.

Nikikosea, nisamehe. Naandika nikiwa na hofu kidogo na matumaini mengi.

Binti yako

2 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Aprili imeisha na sijapata neno lako. Kila barua zikiletwa nakuwa wa kwanza kwenye foleni, na wa mwisho kuondoka.

Msichana wa bweni la pili ana shangazi yake hapo kiwandani. Amesema kuna vurugu, kwamba wanawake wameingia chumba cha wanaume na kazi karibu isimame. Sijui kipi ni kweli. Mama hajaumia? Wewe hujafukuzwa? Mnaongea?

Nijibuni hata kwa mstari mmoja. Hata Bibi aandike, nitamsoma.

Binti yenu

11 Mei

Hakimu wangu,

Marahaba, marahaba. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyefukuzwa, na mama yako anakusalimia sana. Nisamehe kwa kukunyamazia. Nilianza barua mara nyingi, kila moja ikawa imepitwa na mambo kabla sijailamba bahasha.

Barua yako ilifika nikiwa nimeshachelewa. Mama yako alikwisha kuambiwa na mwenzake, Mama Pacha, ambaye mumewe ni fundi na hana kifua cha kutunza jambo. Mimi nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Alianza kuniheshimu. "Mheshimiwa Mwenyekiti, chakula tayari." "Mheshimiwa Mwenyekiti, sogeza miguu nifagie." Bibi yako naye akaingia humo humo: "Mwenyekiti, kikao cha humu ndani umekiahirisha mpaka lini?" Mama yangu mzazi!

Siku ya mkutano tukafungua mlango wa kile chumba, tukakuta mabenchi yamejaa wanawake. Wameketi wametulia kama wako zahanati. Redio alikuwa ameshavua shati, akajiziba nalo kifuani. Mama Pacha akamwambia, "Vaa taratibu, baba. Tumezaa wa kiume, hutushtui." Hata mimi nilicheka, na sikutakiwa kucheka. Mama yako akasimama akasema, "Hatukuja kugombana. Tumekuja kusikia wenyewe." Nikaahirisha mkutano. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Jioni hiyo alikuwa kizingitini anachambua mchele. Nikaketi karibu naye. Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza mimi kwanza, badala ya kunivamia mbele za watu.

Akasema, "Nilikuuliza. Siku ile nilipokuwa naimba. Ukanijibu chakula kitamu."

Mwanangu, nimewahi kubishana na mameneja watatu. Hakuna aliyewahi kunipiga kwa maneno yangu mwenyewe.

Nikakumbuka ulivyoniandikia. Nikamuuliza anataka nini, nikanyamaza. Alichambua mchele mpaka nikadhani hajanisikia. Halafu akasema, "Sitaki unifanyie kitu. Ita mkutano mahali ambapo naweza kuingia."

Nikauita uani, nyuma ya ghala, saa ya chakula mitambo ikiwa imezimwa. Mafundi walinung'unika. Mmoja akapaza sauti, "Mwenyekiti, kwani nyumbani kwako nani anatawala?" Nikamwambia leo amechagua siku mbaya ya kuniuliza. Nikausoma mkataba wote kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na pale paliposema "isipokuwa wasaidizi". Nilipofika hapo nilitamani kuwa na sauti ndogo. Nikaomba mikono ya wanaoukubali, kisha ya wanaoukataa. Mikono ya kukataa ilikuwa kama shamba. Na haikuwa ya wanawake tu: mume wa Mama Pacha aliinua wake, akatazama pembeni.

Nikadhani tumemaliza. Kumbe Mama Pacha ana jingine. Akasema kamati hii ilichaguliwa na nusu ya wanachama, basi wote wachague upya. Akapendekeza mwenyekiti. Akampendekeza mama yako.

Tulipiga kura za karatasi. Nimeshindwa, Hakimu. Nimeshindwa na mke wangu mchana kweupe. Kura ni siri kwa hiyo sisemi ya kwangu ilikwenda wapi. Hakimu ni wewe, amua.

Sasa meneja amekasirika, anasema huenda akafuta nyongeza yote. Baadhi ya wenzangu wakiniona wanageukia ukutani. Mama yako ataanza mazungumzo naye wiki ijayo. Akishindwa, tutakuwa tumewanyima watu nyongeza iliyokuwa mezani, na lawama itakuja mlangoni kwetu. Analijua hilo. Jana alikuwa anafua shati lilelile mara ya pili.

Muombee.

Baba yako

20 Mei

Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Leo naandika barua moja kwa watu wawili, maana sijui nimpongeze nani kwanza na nimpe pole nani kwanza.

Mama, hongera. Nimejaribu kukuona umesimama uani mitambo ikiwa kimya, na sikuweza, kwa sababu maisha yangu yote nimekusikia ukiongea kwa sauti ya mtu anayeshindana na mtambo. Wakati wa mazungumzo huna haja ya kupaza. Ongea kama unavyoniambia mimi kitu unachotaka nikielewe. Mimi huwa naelewa.

Baba, msichana mmoja aliniuliza mbele ya wengine, "Kumbe baba yako si mwenyekiti tena?" Nikamjibu kwamba baba yangu ndiye aliyeuhamisha mkutano ukaenda mahali ambapo alijua anaweza kushindwa. Msichana akasema, "Ee!" akaondoka. Sijui kama alielewa, lakini mimi nilipokuwa nalisema ndipo nilipolielewa.

Naogopa pamoja nanyi. Wakati wa maombi ya jioni nawataja kwa majina yenu ya nyumbani, ili pasiwe na kuchanganyikiwa. Niambieni likitokea lolote, baya au zuri.

Kuhusu kura ya siri, baba, hukumu imeshatoka. Ilikwenda pale ninapodhani.

Binti yenu

14 Juni

Hakimu wangu,

Marahaba. Tu wazima wote. Naandika mimi kwa sababu mwenyekiti ana kazi nyingi.

Mazungumzo yalichukua siku kuliko tulivyodhani. Mama yako aliingia ofisini kwa meneja na Mama Pacha na mume wa Mama Pacha, na mimi nikabaki kwenye mtambo wangu naunga nyuzi vibaya. Kila jioni nilimuuliza, "Vipi leo?" Kila jioni alinijibu, "Tunaendelea." Jumatano alirudi amechelewa, akavua viatu, akakaa. Uso wake haukuwa wa furaha wala wa huzuni. Nikajua yamekwisha.

"Vipi?" nikasema.

"Subiri mkutano. Utasikia pamoja na wenzako."

Nilidhani ni utani. Nikamletea maji. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mume wake wa ndoa. Nikamtuma Bibi yako, akarudi akaniambia, "Huyo hapasuki, mwanangu. Mimi mwenyewe nimeahidi kumwonyesha sukari ilipo." Nikamuuliza kwa hasira kidogo, "Yaani hata mimi?" Akanitazama, akasema kwa upole sana, "Hasa wewe. Wengi wa wale wa kwenye ujia hawakuwa na mume mle ndani wa kuwaambia mapema." Nikalala bila kujua lolote. Yeye alilala vizuri.

Alhamisi saa ya chakula tukakusanyika uani. Wale waliokuwa wakigeukia ukutani wakiniona nao walikuja, wakasimama nyuma wamekunja mikono. Mama yako alipanda kwenye kreti. Alianza kusoma. Hakupaza sauti, na watu wakasogea ili wasikie, hata wale wa nyuma. Akasema nyongeza itakuwa ndogo kuliko ile ya kwanza. Hapo paliguna watu. Akangoja wamalize kuguna. Akasema ndogo hiyo ni ya kila mtu. Kisha akasoma kwamba chumba cha nyuzi hakitakuwa na msaidizi tena. Kila aliyeunga nyuzi zaidi ya mwaka ataandikwa fundi, mwanamke kwa mwanamume, kuanzia Julai. Alipofika kwenye "fundi" alisimama. Hakuweza kuendelea. Hakuna aliyemsaidia wala aliyemharakisha. Tulimngoja tu, uani kote, mpaka akasoma mstari uliobaki.

Halafu Redio akapiga kelele, ila leo hakuwa anatangaza. Alikuwa analia kwa furaha, mkewe naye yumo chumba cha nyuzi. Si wote walioshangilia. Kuna waliotoka kimyakimya, na yule aliyeniuliza nani anatawala kwangu bado hanisalimu. Nitamsalimu mimi mpaka achoke. Mume wa Mama Pacha alinipiga bega akasema, "Nyongeza yako imepungua, mzee." Nikamwambia najua, nimesikia kama wewe ulivyosikia.

Jioni nilitangulia nyumbani. Nilikuwa na mengi ya kumuuliza: meneja alisema nini, nani aliyekasirika, ilikuwaje asiogope. Alipoingia mlangoni nikaona alivyochoka, na swali lililonitoka likawa, "Umekula?"

Hakuwa amekula tangu asubuhi. Nikamwambia akae, anyooshe miguu juu ya stuli. Nikaingia jikoni mwenyewe, Bibi yako akinielekeza kutoka kitandani kwake kana kwamba natua na ndege. Nilipika kwa muda mrefu. Nilimpakulia, nikakaa mbele yake nikimtazama anavyokula. Alimaliza yote, akafuta mdomo.

Nikamuuliza chakula kikoje.

Akasema nisubiri mkutano.

Baba yako